Malkia Hakumgawia Mjukuu Mlima: Kweli na Uongo wa Historia ya Darasani

Panda matatu ya Jogoo Road jioni shule zikifunga, wanafunzi wa gredi ya saba hadi ya tisa wakirudi Umoja, Kayole na Buruburu, na utasikia historia ya nchi ikijadiliwa kwa sauti inayoshinda redio ya dereva. Mwalimu amesema hivi, nyanya amesema vile, na kuna video kwenye simu ya mtu inayowapinga wote wawili. Hizo hadithi unazijua. Huenda nyingine umezisimulia wewe mwenyewe.

Tuziweke mezani moja baada ya nyingine, hukumu ikitangulia na sababu zikifuata. Maswali ni yale yale kwa kila moja: nani aliona, nani aliandika, na alipata nini kwa kusema hivyo?

"CBC imefuta historia."

UONGO. Katika mtaala huu wa CBC, sekondari ya msingi, historia imeunganishwa na jiografia na uraia, zote zikaitwa Somo la Jamii. Asili ya binadamu imo, falme za kale za Afrika zimo, biashara ya watumwa imo, na kugawanywa kwa bara letu kumo. Mzazi aliyesoma mtaala wa zamani wa 8-4-4 akifungua kitabu cha mwanawe atakutana na watu anaowafahamu. Lalamiko la haki ni kwamba mada ni nyingi na vipindi ni vichache, kwa hiyo mengi hupitwa mbio. Na panapopitwa mbio ndipo porojo hupata nafasi.

"Leakey ndiye aliyempata Turkana Boy."

UONGO. Aliyemwona ni Kamoya Kimeu, Mkenya, mwaka 1984, karibu na mkondo wa Nariokotome upande wa magharibi wa Ziwa Turkana. Aliona kipande kidogo cha fuvu kati ya changarawe, rangi yake karibu sawa na ya mawe yaliyokizunguka. Kutokana na kipande hicho wakachimba mifupa ya kijana aliyeishi takriban miaka milioni moja na nusu iliyopita, mojawapo ya mifupa kamili zaidi ya binadamu wa kale kuwahi kupatikana duniani. Richard Leakey aliongoza kundi hilo la watafiti, hilo halina ubishi. Lakini macho yalikuwa ya Kimeu. Na kwa kuwa tuko hapo: hakuna mwanasayansi anayesema nyani wa leo alizaa mtu. Wanachosema ni kwamba sisi na nyani tuna babu mmoja wa zamani sana.

"Miji ya pwani ilijengwa na Waarabu, wenyeji wakatazama."

UONGO, ingawa wazee wa pwani hawakudanganya. Huko Shanga, kisiwani Pate, wachimbuaji walifukua tabaka baada ya tabaka wakaona mji ukikua polepole: kwanza majengo ya miti na udongo, msikiti mdogo wa karne ya nane, kisha majengo ya mawe ya matumbawe yakafuata juu yake. Mji ulioletwa mzima kutoka ng'ambo hauachi alama za namna hiyo.

Sasa sikiliza upande wa wazee. Kuanzia Lamu hadi Kilwa walisema baadhi ya mababu zao walitoka Shirazi, Uajemi. Kwa miaka mingi wasomi waliitupilia mbali simulizi hiyo, wakasema ni watu tu waliotafuta ukoo wa kifahari. Machi 2023 jarida la Nature likachapisha utafiti wa vinasaba vya mabaki ya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, na miongoni mwa waliouongoza ni mwanaakiolojia wa Kenya, Chapurukha Kusimba. Waligundua kwamba wengi wa akina mama walikuwa Waafrika, na wengi wa akina baba wa kigeni walitoka Uajemi, nao walianza kuoana karibu mwaka 1000. Miji ni yetu, na babu wa Kishirazi naye alikuwepo. Wasomi wengi wanadaiwa radhi.

"Krapf aligundua Mlima Kenya."

UONGO, na inashangaza kwamba dai hili bado linaandikwa kwenye madaftari ya watoto jinsi lilivyo. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf aliuona mlima Desemba 1849 akiwa Kitui. Aliyemkaribisha huko ni Kivoi, tajiri wa Kikamba aliyepeleka misafara ya pembe za ndovu hadi Mombasa, na ni Kivoi aliyemweleza habari za mlima ule wenye weupe kileleni kabla Krapf hajauona kwa macho yake. Wakikuyu, Wameru, Waembu na Wamasai walikuwa wakiishi chini yake na kuuelekea walipoomba. Krapf alikuwa Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameuona. Hilo ni kweli, na ni jambo dogo zaidi.

Utamu uko baadaye. Mwenzake Johannes Rebmann alikuwa ameuona Kilimanjaro Mei 1848. Huko London, msomi mmoja wa jiografia aitwaye William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, akawakejeli wote wawili: theluji kwenye ikweta haiwezekani! Krapf naye akaonja kile wanachoonjeshwa wenyeji kila siku, kuona kwa macho yako halafu mtu aliye mbali akuambie hukuona.

"Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Kaiser Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Ndiyo maana mpaka umepinda."

UONGO mtupu, na hii ndiyo hadithi inayopendwa kuliko zote. Chukua atlasi ya mtoto. Weka kidole Vanga, pwani, kisha kipeleke kaskazini-magharibi. Mstari unanyooka, ukifika Ziwa Jipe unapinda, unauzunguka mlima kwa upande wa kaskazini, halafu unanyooka tena mpaka Ziwa Victoria. Mtu akiona kona ile lazima atafute hadithi, na bibi mwenye taji anayemzawadia mjukuu mlima ni hadithi tamu.

Tarehe ndizo zinazoiua. Mpaka huo ulikubaliwa kati ya Uingereza na Ujerumani mwaka 1886. Wilhelm II, huyo mjukuu, alipata kuwa Kaiser Juni 1888. Mwaka 1886 aliyekuwa kwenye kiti cha enzi alikuwa babu yake upande wa baba, Wilhelm I, ambaye hakuwa mjukuu wa Victoria kwa hesabu yoyote. Kona ile imetokana na madai ya wafanyabiashara. Mawakala wa kampuni ya Mjerumani Carl Peters walikuwa wametia saini mkataba na Mangi (chifu) Rindi wa Moshi mwaka 1885, Wajerumani wakaung'ang'ania mlima, nao Waingereza wakahakikisha Mombasa, bandari yenye maana kwao, inabaki upande wao. Watu wawili waligawana mali ambayo haikuwa ya yeyote kati yao. Ukiisimulia hivyo inatisha kuliko ile ya zawadi, na huenda ndiyo sababu tunaipenda ile nyingine.

Na hapo hapo tuikanushe hadithi iliyo ndugu yake: mipaka ya Kenya haikuchorwa kwenye meza ya Berlin. Mkutano wa Berlin, Novemba 1884 hadi Februari 1885, uliweka kanuni za kunyakua na kushughulikia hasa Kongo na Niger. Mipaka yetu ilichorwa baadaye, kipande kwa kipande.

"Kisumu ilikuwa Uganda."

KWELI. Naivasha pia. Hadi mwaka 1902 himaya ya Uganda ilianzia Bonde la Ufa, kisha Mkoa wake wa Mashariki ukahamishiwa upande huu. Kwa hiyo Reli ya Uganda ilipofika Kisumu Desemba 1901 ilikuwa imefika Uganda kweli, kama jina lake lilivyodai. Mjomba wako anayekumbuka Idi Amin akiidai sehemu ya magharibi ya Kenya Februari 1976 hajaota. Amin aliutumia mpaka huo wa zamani.

"Simba wa Tsavo walikula watu 135."

Simba KWELI, hesabu UONGO. Simba wawili wasio na manyoya ya shingoni waliwavamia wajenzi wa reli mwaka 1898 mpaka John Patterson alipowaua mwezi Desemba. Katika kitabu chake cha 1907 Patterson alitaja Wahindi 28, pamoja na Waafrika ambao idadi yao haikuwekwa. Idadi ya 135 aliitoa miaka mingi baadaye. Aliwatumia simba hao kama zulia, kisha mwaka 1924 akawauza kwa jumba la makumbusho la Field huko Chicago, ambako wako mpaka leo. Watafiti waliopima kemikali za mifupa na manyoya yao walikadiria mwaka 2009 kwamba walikula watu wapatao 35. Kinachoniudhi mimi si chumvi ya Patterson. Ni kwamba Wahindi walihesabiwa kwa sababu walikuwa kwenye orodha ya malipo, na Waafrika hakuna aliyejisumbua kuwahesabu.

"Koitalel arap Samoei aliuawa kwa hila, akiwa ameitwa kwenye mazungumzo ya amani."

KWELI. Wanandi walimpinga Mwingereza kwa takriban miaka kumi na moja, na tarehe 19 Oktoba 1905 kiongozi wao, Orkoiyot, alikwenda kukutana na Richard Meinertzhagen, ofisa wa jeshi la Uingereza, akiamini ni mazungumzo. Akapigwa risasi pamoja na watu waliofuatana naye. Meinertzhagen aliandika kwamba Koitalel ndiye aliyepanga kumuua yeye. Wazee wa Nandi walishikilia yao kizazi baada ya kizazi: alinyoosha mkono wa salamu.

Nani wa kuaminiwa? Uchunguzi wa kijeshi ulifanyika mara tatu ukamsafisha, lakini wakubwa wake wenyewe wakamwondoa Afrika Mashariki. Miaka mingi baada ya kifo chake wataalamu wa ndege wakagundua kwamba bwana huyu, aliyesifika kwa mkusanyo wake wa ngozi za ndege, aliiba ngozi nyingi kutoka makumbusho na kuziandika upya kana kwamba amezipata mwenyewe mahali pengine. Shahidi anayeghushi mpaka ndege simwamini kuhusu mtu. Fimbo za Koitalel zilizochukuliwa zilirudishwa kutoka Uingereza mwaka 2006. Hapa wazee walishinda, na kwa mbali.

"Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vya Wazungu. Sisi vilitupita."

UONGO. Kila ukishuka stendi ya Kariokor, umeshuka palipokuwa na kambi ya kikosi cha wabebaji mizigo, Carrier Corps. Magari na wanyama wa kubeba hawakuweza kuhimili mbung'o na matope ya Tanganyika, kwa hiyo risasi na chakula cha jeshi la Uingereza vilisafiri kichwani mwa watu. Hesabu ya serikali yenyewe ni zaidi ya wabebaji 40,000 waliokufa, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria na njaa. Hata kumaliza, vita vilimalizikia kwetu Afrika: Ulaya walinyamazisha bunduki tarehe 11 Novemba 1918, na Jenerali Mjerumani Paul von Lettow-Vorbeck akajisalimisha tarehe 25, Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia. Ukipita Kenyatta Avenue mjini, zitazame zile sanamu tatu za askari. Mmoja wao ni mbebaji.

"Kenya ilipata kuwa jamhuri tarehe 12 Desemba 1963."

UONGO. Siku hiyo tulipata uhuru. Jamhuri ilikuja 12 Desemba 1964. Kwa mwaka huo mmoja katikati, mkuu wa nchi alikuwa Malkia Elizabeth II, akiwakilishwa na Malcolm MacDonald, na Mzee Kenyatta alikuwa waziri mkuu. Mtoto akiandika 1964 kwenye mtihani asikatwe alama.

Zimebaki mbili, na hizi nimeziacha mwisho makusudi kwa sababu zinatuhusu watu wa Eastlands moja kwa moja.

"Ofafa na Mbotela ni mashujaa waliopigania uhuru, ndiyo maana mitaa ina majina yao."

UONGO, lakini usikimbilie kuwatukana. Mtaa unaitwa Ofafa Jericho, mwingine Ofafa Maringo, mwingine Mbotela, na watoto wanaokulia humo hudhani ni majina ya aina moja na ya kina Dedan Kimathi, wapiganaji wa Mau Mau. Ambrose Ofafa alikuwa diwani wa Nairobi na kiongozi wa Luo Union. Tom Mbotela, wa ukoo wa watu walioachiwa huru utumwani na kukaa Frere Town, aliwahi kuwa makamu wa rais wa chama cha siasa cha KAU (Kenya African Union). Wote wawili walikataa njia ya silaha. Mbotela aliuawa Novemba 1952, wiki chache baada ya kutangazwa kwa Hali ya Hatari, na Ofafa akauawa mwaka 1953, na Mau Mau ndiyo iliyolaumiwa. Mitaa ilipojengwa katika miaka hiyo ya 1950, baraza la mji la wakoloni likaipa majina yao.

Kwa hiyo majina hayo yalichaguliwa na upande mmoja wa vita, kuwasifu watu wake wa kuigwa. Uhuru ulipokuja hakuna aliyeyabadilisha. Je, walikuwa vibaraka? Mimi siko tayari kusema hivyo. Luo Union ilijenga Ofafa Memorial Hall kule Kisumu kwa heshima ya mtu wao, na watu hawajengei kibaraka ukumbi kwa michango yao. Walikuwa Waafrika waliodai haki kwa njia ambayo wenzao waliona imekwisha muda. Darasa linaloweza kujadili hilo bila kupiga kura ya shujaa au msaliti ni darasa zuri.

"Uhuru ulipiganiwa msituni. Nairobi ilikuwa ikifanya kazi za Wazungu."

UONGO, na ndio uongo unaotunyima haki yetu kuliko mwingine wowote. Mtoto wa Makadara anajua Aberdare na Mlima Kenya, lakini hajaambiwa habari za Kaloleni, na anapita pale kila siku.

Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, KAU na chama cha Wahindi wa Afrika Mashariki walifanya mkutano wa pamoja. Makhan Singh, Kalasinga aliyekuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akasimama kuwasilisha azimio la kudai uhuru kamili. Wakati ule wanasiasa wengi walikuwa bado wanaomba viti vichache zaidi bungeni. Tarehe 15 Mei yeye na Fred Kubai wakakamatwa. Kesho yake Nairobi ikagoma, na mgomo ukadumu zaidi ya wiki moja, wafanyakazi wa mitaa hii hii wakikataa kwenda kazini. Makhan Singh alizuiliwa mpaka Oktoba 1961, zaidi ya miaka kumi na moja, muda mrefu kuliko Kenyatta. Muulize mwanafunzi wa gredi ya tisa ni nani huyo, kisha usikilize kimya.

Na wale sita waliohukumiwa Kapenguria kwa kuongoza Mau Mau? Kubai na Bildad Kaggia walitoka kwenye vyama vya wafanyakazi vya Nairobi, si msituni. Achieng' Oneko alikuwa Mluo na Paul Ngei Mkamba, jambo linaloitia doa pia ile hadithi kwamba kesi ilikuwa ya kabila moja.

Serikali ya kikoloni yenyewe ilijua vita viko wapi. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 ikaanzisha Operesheni Anvil. Wanajeshi na polisi wapatao 25,000 wakauzingira mji na kuupekua mtaa kwa mtaa, Eastlands ikiwa shabaha. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa nyumbani na kupangwa mistari, wakapitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia yenye matundu mawili ya macho, ambao watu waliwaita gakunia. Gunia likitikisa kichwa, unapanda lori. Zaidi ya watu 20,000 walizuiliwa, wakapelekwa Lang'ata, Manyani na Mackinnon Road. Serikali haipeleki jeshi la ukubwa huo mahali ambapo watu wanafanya tu kazi za Wazungu.

Waliorudi kutoka kambini walisimulia mateso, na kwa nusu karne Uingereza ikakanusha. Mwaka 2011 majalada yaliyokuwa yamefichwa Hanslope Park, Uingereza, yakajitokeza. Juni 2013 serikali ya Uingereza ikasikitika hadharani na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228. Wazee walikuwa wakisema kweli siku zote.

Aliyekuwa na miaka kumi asubuhi ile ya Anvil sasa amepita themanini. Kama kuna mmoja wao Bahati, Makongeni au kwenye ploti yenu, mtume kwake mtoto wako wiki hii, na daftari mkononi. Ampigie shikamoo, amuulize alikuwa wapi na aliona nini kwa macho yake, aandike jina la mtaa na tarehe. Kisha alipeleke daftari hilo Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, alilinganishe na yaliyoandikwa na waliomzingira.